Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa hoteli yetu: probesheni hii inaisha lini?

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Kwa Bwana Meneja Mkuu,
Kwa Bi HR wetu (afisa utumishi),
Hoteli yetu (jina nalihifadhi, wenyewe mnajijua),
Pwani ya mashariki, Unguja.

Nakala: wenye dhamana ya kazi na ajira Zanzibar, pamoja na wafanyakazi wenzangu wa mahotelini Unguja na Pemba.

YAH: KUWEKWA KWENYE MAJARIBIO YASIYOKWISHA

Assalaam alaykum. Kwa heshima zote waheshimiwa, naomba mnisome mpaka chini.

Kwanza nieleze kwa nini naandika huku mbele za watu na sio ofisini. Ofisini nimeshafika. Barua ya mwanzo nilimpa supavaiza aipeleke, haikurudi wala haikujibiwa. Ya pili nikampa Bi HR mkononi mwake, akaniambia ataipitia, akaitia chini ya ile trei ya plastiki yenye mafomu ya sare, na kila nikipita kuulizia naiona kona yake imechomoza pale pale. Baadae tukaandika wengi kwa pamoja tukatia sahihi zetu, jibu lililokuja ni la mdomo, eti tunaleta siasa kazini. Sasa mie siasa siijui, mie najua vyumba. Na jina langu silitaji kwa sababu mtu wa probesheni, yaani wa majaribio ya kazi, haondoshwi kwa kosa, anaondoshwa kwa kutoonekana kwenye rosta ya wiki ijayo, basi, akiuliza anaambiwa utapigiwa simu.

Nataka pia lijulikane kuwa majaribio yenyewe siyapingi. Mwajiri hamjui mtu, cheti kinasema moja na kazi inasema jengine, lazima amuangalie. Tuliwahi kupata weita pale ana cheti kizuri na Kiengereza cha kuteleza, wiki ya pili tu wageni wanasubiri kahawa yeye yuko nyuma ya jiko na simu, akaambiwa, akaambiwa tena, akenda zake. Hakuna aliyelalamika, nafikiri hata yeye mwenyewe hakulalamika. Ndo kazi ya probesheni hiyo. Ninayoyalalamikia mie ni haya yafuatayo.

1. Majaribio yetu hayana mwisho.

Mkataba wangu wa mwanzo uliandikwa miezi 3 ya majaribio. Ilipokwisha nikaongezewa 3 mengine bila kuitwa wala kuambiwa nimekosa wapi, karatasi nimeikuta imebanwa pamoja na pei slipu. Masika ikaingia, vyumba vikafungwa, tukaambiwa nendeni majumbani mtaitwa. Tukaitwa mwezi wa sita, na hapo ndo pana ajabu yake, tukapewa mikataba mipya ya probesheni kama watu walioshuka jana kwenye boti. Kazi ile ile, vyumba vile vile, hata loka nimepewa ile ile na kibandiko changu bado kipo mlangoni. Mwaka uliofuata hivyo hivyo. Yupo mama mmoja wa Makunduchi, hausikipingi, yupo pale tangu zile banda za upande wa pwani hazijajengwa, nae kila ikifika Juni anajaribiwa upya kama anajua kutandika kitanda.

Msimu uliopita waliletwa vijana wapya, nani akaambiwa awafundishe? Mimi. Nimewafundisha kona za shuka zikae sawa, mataulo wayakunje yawe bata wawili wanaotazamana, waangalie unywele kwenye tundu la sinki kabla supavaiza hajaja na tochi yake, karatasi ya mgeni hata ikiwa imeanguka chini wasiitupe. Mwisho wa wiki nikaletewa fomu ya kila mmoja nitie sahihi pale palipoandikwa mkufunzi. Nikatia. Siku hiyo hiyo, kalamu hiyo hiyo, nikatia sahihi na karatasi yangu mwenyewe ya kuongezewa majaribio. Yaani naaminika kusema kuwa fulani anaiweza kazi, ila mwenyewe bado haijajulikana kama naiweza. Waheshimiwa hili nyinyi mnalielezaje?

2. Hatuelezwi tunapimwa kwa kitu gani.

Siku niliyopeleka cheti cha hospitali faili langu lilikuwa wazi mezani, nikauona ukurasa wa tathmini. Usafi, kuwahi kazini, ushirikiano, lugha kwa mgeni, visanduku vyote vitupu, na pale pa maoni ya msimamizi pana duara ya kikombe cha chai. Ukurasa huo ndo uliotumika kuniongezea muda. Hakuna aliyenikalisha kitako akaniambia hapa uko vizuri, hapa jirekebishe, na mie ni mtu niliyesoma chuo cha utalii pale Maruhubi nikafundishwa kuwa mfanyakazi mpya hukalishwa na mkubwa wake kila baada ya muda wakazungumza.

Angalieni kwengine wanavyofanya. Mwanafunzi kwenye vyuo vingi vya Marekani GPA yake (wastani wa alama zake) ikishuka chini ya 2.0 anaandikiwa kuwa yuko kwenye probesheni, nae anajua namba ya kuifikia na muhula wa kuifikia, akiifikia anatolewa, asipoifikia anasimamishwa. Ni ngumu lakini iko wazi, hata mzee wake anaweza kuisoma akaifahamu.

Au tuje mahakamani, nako neno ni hilo hilo probesheni, mkosaji anaachiwa nje chini ya uangalizi badala ya kufungwa. Mtoto wa mama mdogo anasoma sheria, ndie aliyenisimulia hichi kisa, nimekipenda nakileta kama kilivyo. Mwaka 1841 huko Boston, Marekani, palikuwa na fundi viatu akiitwa John Augustus, alikuwa mahakamani akaletwa mlevi anayekwenda kufungwa, fundi akamuomba hakimu amkabidhi yeye huyo mlevi, atamuangalia. Hakimu akakubali, akampa wiki 3. Zilipokwisha wakarudi wote wawili, mlevi hata hatambulikani kwa alivyotengenea, hakimu akamtoza faini ya senti moja na gharama za kesi, yakesha. Jimbo la Massachusetts likaja kuweka sheria ya maafisa wa uangalizi mwaka 1878, Uingereza nao wakaweka yao 1907, na mpaka leo mkosaji akiachiwa nje chini ya uangalizi anaandikiwa muda wake, masharti yake, na afisa wa kuripoti kwake. Kwa hivyo mtu aliyepatikana na hatia, hatia kabisa mbele ya hakimu, anaijua siku yake ya kumaliza. Mie niliyekuja kufagia na kutandika siijui yangu. Nilipomwambia supavaiza hivi alicheka, mie sikucheka.

3. Kila kitu kinasubiri "ukithibitishwa".

Mshahara wa probesheni mdogo kuliko wa aliyethibitishwa ingawa vyumba tunagawana sawa sawa, na siku za hai sizoni, wageni wanapojaa, sie ndo tunaongezewa vya ziada kwa sababu hatuna ubavu wa kukataa. Savisi chaji, ile ada ya huduma wanayolipa wageni, hatumo. Likizo hatuna. ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, hamtukatii wala nyinyi hamtutilii, tukiuliza jibu ni mpaka tuthibitishwe, na tukithibitishwa ni lini ndo hiyo namba moja hapo juu. Mtu anafanya kazi misimu na misimu, akenda kuangalia michango yake hakuna kitu. Benki usiseme, ukitaka mkopo wa kuezeka nyumba wanakwambia lete barua ya kuthibitishwa kazini.

Ukiyapiga mahesabu, kila jina linalobaki kwenye majaribio ni pesa inayobaki kwenye hoteli. Sisemi kuwa ndo makusudio yenu, nasema ndo yanayotokea, na anayefaidika ni mmoja tu.

4. Probesheni imegeuzwa fimbo.

Hili ndo lililonifanya nikae niandike. Mwenzetu mmoja alikuwa mjamzito, amejificha ficha mpaka tumbo likawa halifichiki tena kwenye ile sare. Wiki ile ile alipomwambia supavaiza akapewa karatasi kuwa hakufaulu majaribio. Hakufaulu nini? Chumba chake hakijawahi kurudishwa, na mgeni aliyemuandika kwa jina kwenye tovuti kumsifia mlimbandika wenyewe kwenye ubao wa kantini. Karatasi haikueleza. Mumewe ni mvuvi, na kusi ikivuma sana hatoki, mkitaka kujua nyumba ile ilikula nini mwezi ule waulizeni jirani zake.

Na wapo wakubwa wadogo wadogo wanaoitumia hii fimbo kwa mambo yao. Ukikataa kubadilishwa afu yako (siku yako ya kupumzika): "wewe bado probesheni". Ukiuliza kwa nini tipu ya chumba imechukuliwa: "wewe bado probesheni". Wasichana wanaambiwa hivyo hivyo kwa mambo mengine ambayo kwenye barua ya wazi sitayaandika, lakini mkiunda kamati ya watu wa kuaminika, wanawake wawemo, mtayasikia. Kujiunga na chama cha wafanyakazi ndo usiguse kabisa.

Sasa najua mtakavyojibu, kwa sababu majibu mengine nimeshayapata nimesimama mlangoni.

Mtasema wageni hawapo masika. Kweli hawapo, sie ni watu wa huku, mvua ya Aprili na Mei tunaijua na hatujaomba kulipwa kwa vyumba vilivyofungwa. Lakini hiyo ni kazi ya msimu, basi tupeni mkataba wa msimu, uandikwe unaanza lini unamalizika lini, na uandikwe kuwa msimu ujao hamuanzi kututafuta kwenye foleni ya wapya. Kuna mahoteli yanafanya hivyo na hayajafungwa. Mvua haimfanyi mtu asahau kazi aliyoifanya mwaka jana. Na hii biashara sio kwamba iko taabani, Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki 7 mwaka 2024, vyumba nimevitandika mie, najua vilivyokuwa vimejaa.

Mtasema sheria inasema chini ya miezi sita mtu hana haki ya kulalamikia kuachishwa. Hili Bi HR wetu analipenda sana, nae ni dada mwema simsemi kwa ubaya, ila sheria anayoisoma ni ya kule alikotoka. Hiyo ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya 2004, kifungu cha 35, nayo yenyewe imeandikwa kuwa ni ya Tanzania Bara. Kazi sio jambo la Muungano. Sie huku tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, ikapitishwa na Baraza letu la Wawakilishi. Na hata tukisema haya, tuichukue hiyo ya bara, basi tuisome yote. Kifungu hicho hicho kinahesabu miezi sita kwa mwajiri mmoja, iwe kwa mkataba mmoja au zaidi ya mmoja. Maana yake kule kuvunja vunja mikataba vipande vipande hakumrudishi mtu kwenye mwezi wa kwanza. Na kanuni zao za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Namba 42, zinasema masharti ya majaribio mtu ayajue kabla hajaanza, kwa kawaida yasizidi miezi 12, mwajiri awe anamfuatilia na kukaa nae kumueleza anavyokwenda, na kama hafai aelezwe kasoro, apewe nafasi ya kujibu, apewe na muda wa kujirekebisha. Dada yangu, ukiileta sheria ya bara ije na kanuni zake.

Kenya nao, Sheria yao ya Ajira ya 2007 ilisema majaribio yasizidi miezi 6, yakiongezwa iwe kwa ridhaa ya mfanyakazi, na nyongeza isizidi 6 mengine. Kisha mwaka 2021 majaji watatu wa mahakama yao ya kazi wakaamua kuwa kumnyima mtu wa majaribio haki ya kusikilizwa kabla ya kuachishwa ni kinyume cha katiba yao. Sisemi hukumu ya Kenya itufunge sie, nasema jambo hili wenzetu wamelikalia kitako, sie bado tunajibizana mlangoni kwa HR. Na ukienda juu zaidi, Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1982 unaruhusu mtu wa majaribio aachwe nje ya kinga ya kuachishwa kazi, ila kwa sharti kwamba muda uwe umepangwa tangu mwanzo na uwe wa kiasi. Wetu haukupangwa na kiasi chake hakionekani.

Mtasema tumesaini wenyewe. Tumesaini, ndio. Karatasi ya Kiengereza, kurasa kadhaa, imeletwa saa kumi na mbili asubuhi kwenye chumba cha kubadilishia nguo na basi la wafanyakazi wa usiku linapiga honi nje, na ukisema unataka kwenda nayo nyumbani ukaisome unaambiwa wapo wengine wanaoitaka kazi. Mama wa Makunduchi Kiengereza chake ni "good morning madam, housekeeping". Amesaini nini yule?

Na lipo lile ambalo hamlisemi mbele yetu lakini tunalisikia, kuwa vijana wa huku wavivu, ukiwathibitisha tu wanalala. Basi sawa, tupimeni. Jazeni vile visanduku. Anayelala aandikwe analala, aitwe, aambiwe, asipoamka aende, kama alivyokwenda yule weita. Mimi nitakuwa wa mwanzo kusema haki imetendeka. Ila kumuacha mtu wa kazi na mvivu wote kwenye karatasi moja isiyojazwa, hapo mvivu ndo anafaidi maana hajulikani.

Kwa hivyo tunaomba haya, nayaandika kwa herufi ili yasichanganyike na malalamiko:

(a) Kila aliyekwisha kumaliza majaribio kwenye kazi moja hapo hotelini asianzishwe upya kwenye kazi hiyo hiyo. Akihamishwa kutoka hausikipingi kwenda fronti ofisi, hapo sawa, kazi mpya, ajaribiwe.

(b) Anayeajiriwa apewe barua kwa Kiswahili inayotaja majaribio yanaanza lini, yanakwisha lini na anaangaliwa kwa mambo gani. Katikati aitwe akalishwe. Mwisho ajibiwe kwa maandishi, ndio au hapana na kwa sababu gani. Siku ikipita mmenyamaza ihesabiwe amethibitishwa.

(c) ZSSF ianze na mshahara wa mwanzo, na mtuambie ile miaka ya nyuma mtaifanyaje. Hili tunalitaka kwa hesabu, sio kwa ahadi.

(d) Mwenzetu aliyeondoshwa na mimba yake aelezwe kwa maandishi alishindwa nini, na kama hakuna cha kueleza arudishwe na mishahara yake.

(e) Asiguswe yeyote kwa kutia sahihi ile barua yetu ya pamoja. Majina mnayo, na sie tunayo nakala yake.

Kwa wenye dhamana ya kazi, nyinyi mliopata nakala, ombi ni dogo. Mnapokuja mahotelini kukagua msiishie mapokezi kwenye juisi na mafaili yaliyopangwa. Ombeni mikataba ya mtu mmoja ya misimu mitatu muiweke mezani kwa pamoja, mtaona wenyewe, haihitaji mwanasheria. Mkija njooni na mlango wa nyuma, kule linapoingia gari la nguo chafu, ndo tulipo.

Waheshimiwa mlioko hotelini, rosta ya Julai inatoka karibuni na najua mikataba mipya imeshachapwa. Tunaomba kikao na sie kabla ya kuigawa, kantini panatosha, saa nane shifti zinapopishana ili wote tuwepo, na muhtasari uandikwe. Ikigawiwa kama ilivyokuwa mwaka jana hatutasaini siku hiyo, tutaomba kwenda nayo nyumbani, na shauri letu tutalipeleka kwenye vyombo vya kutatua migogoro ya kazi tukiwa na nakala zetu zote.

Wakatabahu,

Rumu atendanti, idara ya hausikipingi,
kwa niaba yangu na ya wenzangu tuliotia sahihi.